Gari Lisilowaka kwa Kusukumwa

Ndugu msikilizaji, wiki iliyopita nilizungumzia reli ya Arusha na nikaahidi kuendelea nayo leo. Naomba radhi, reli itasubiri. Juzi nilikuwa nateremka kutoka Ilboru, na mbele yangu kulikuwa na Toyota ndogo. Taa zake za breki ziliwaka kuanzia juu mpaka tukakaribia barabara kuu ya Nairobi, na harufu ya breki zinazoungua ikaingia hadi ndani ya gari langu. Aliposimama nilimfuata dereva, kijana mpole tu, nikamuuliza kwa nini hakuweka gia ndogo. Akanijibu: "Kaka, hili ni oto. Halina gia."

Lina gia. Tena historia ya gia hizo ni ndefu, na hapa kwetu chini ya Mlima Meru imewagharimu watu fedha nyingi.

Tuanze na shida yenyewe. Injini ya petroli haina nguvu ikizunguka polepole; ukiibebesha mzigo kabla haijachangamka, inazima. Ndiyo maana gari linahitaji gia kubadili mzunguko wa kasi wa injini uwe msukumo wa taratibu wenye nguvu kwenye magurudumu. Mafaransa ya akina Panhard na Levassor miaka ya 1890 yalikuwa na gia za kusukumana, chuma kwa chuma, na dereva alihitaji ufundi wa mguu na mkono ili zisisagane. Henry Ford alipotoa Model T mwaka 1908, aliweka gia mbili za mbele zinazobadilishwa kwa kanyagio. Meno ya gia zake yalishikana muda wote: gia ndogo zilizunguka ile ya katikati kama sayari zinavyolizunguka jua. Ukikibana kipande kimoja kwa mkanda wa breki, mwendo unabadilika. Mpango huo wa sayari ndio uliokuja kuwa moyo wa otomatiki nyingi.

Kilichobaki kilikuwa klachi, na hapo jibu lilitoka kwenye meli. Mjerumani Hermann Föttinger, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin, alitafuta namna ya kupeleka nguvu za tabaini inayozunguka kasi mno kwenye panga la meli linalotakiwa kwenda taratibu. Mwaka 1905 akasajili uvumbuzi wa kutumia majimaji. Chukua feni mbili, zitazamanishe, washa moja. Upepo wa ile ya kwanza utaizungusha ya pili bila kuguswa. Sasa badala ya upepo weka oili, zifungie ndani ya chungu cha chuma, umeshapata kiungo ambacho injini inaweza kuendelea kuzunguka hata gari likiwa limesimama.

Wamarekani wa General Motors, kikosi cha mhandisi Earl Thompson, waliunganisha kiungo cha oili na gia za sayari nne, wakaiita Hydra-Matic. Ilitangazwa mwaka 1939 kwa ajili ya Oldsmobile za 1940, na mnunuzi aliongeza dola 57 tu. Vita ilipokuja iliwekwa kwenye vifaru vyepesi, ikapita mtihani ambao hakuna kiwanda kingeweza kuupanga. Mwaka 1948 Buick wakatoa Dynaflow, laini kama mafuta ya nazi, ambayo oili ilifanya karibu kazi yote na gia zikabaki kama wageni waalikwa. Tatizo ni kwamba oili inayokorogwa hupata joto, na joto hilo ni petroli yako inayopotea. Kwa Mmarekani mwenye injini kubwa na petroli ya bei chee, hilo halikumnyima usingizi.

Lakini mwenye gari dogo je? Mini ya Waingereza ya mwaka 1959 ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 848. Ukitoa nguvu za kukoroga oili, unabaki na kitu cha kusukumia toroli. Tena injini ilikuwa imelazwa kiupande, na giaboksi ipo chini yake, ndani ya sampu ileile ya oili. Kampuni ya Automotive Products iliihangaikia kazi hiyo mpaka mwaka 1965, ikaonyesha otomatiki ya gia nne iliyojikunja ndani ya sampu ya Mini na kutumia oili moja na injini. Huko Uholanzi, Hub van Doorne wa DAF alishapita njia nyingine: gari lake la 1958 halikuwa na gia za kupanga kabisa, bali mikanda ya mpira kwenye puli zinazopanuka na kujibana. Kwa sababu ya mpango huo liliweza kwenda kinyumenyume kwa kasi ileile ya mbele, jambo ambalo Waholanzi walilifanyia mashindano ya mbio. Honda nao mwaka 1968 waliipa N360 otomatiki isiyo na sayari. Gia zake zilipangwa kwenye shafti sambamba kama za manyuali.

Kisha ikaja bei ya mafuta ya 1973, na kila mtu akaanza kuhesabu matone. Viwanda vya Japani, hasa Aisin-Warner iliyoanzishwa 1969 na Jatco iliyoanzishwa 1970, vilikuwa tayari vimejikita kwenye kazi hiyo moja. Feni mbili zikawekewa klachi ndogo ya kuzifunga pamoja gari likishashika mwendo, ili oili isiendelee kukorogwa bure. Ikaongezwa gia ya nne ya kupumzisha injini. Miaka ya 1980 kompyuta ikaanza kuamua lini gia ibadilike. Corolla zilipohamishia nguvu kwenye magurudumu ya mbele mwaka 1983, kila kitu kikabanwa kiupande chini ya boneti, kwenye nafasi ambayo Mmarekani wa 1940 asingeweza kuingiza hata kiungo chake cha oili.

Mafuta hayohayo ya 1973 ndiyo yaliyotukaba sisi. Wazee wa Arusha wanakumbuka foleni za petroli, na zile Jumapili alasiri ambapo magari binafsi yalipigwa marufuku barabarani. Magari yenyewe yalikuwa Land Rover, Peugeot 404 na 504, na malori ya Bedford. Gia mkononi, klachi mguuni, na betri ikifa abiria wanashuka kusukuma. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, mlango ukafunguka kidogo. Miaka ya 1990 ukafunguka wote, na Wajapani, ambao usukani wao uko kulia kama wetu na ambao ukaguzi wa lazima hufanya gari la zamani kuwa mzigo wa gharama, wakaanza kutuuzia. Wajapani wa wakati huo walishahamia otomatiki kwa sababu ya foleni za miji yao. Kwa hiyo sisi hatukuichagua. Ilishuka nayo melini Dar es Salaam.

Mjomba wangu wa Akheri alikuwa mmoja wa walioipokea. Mwaka 1997 aliuza kahawa, akauza na ng'ombe wawili, akanunua Corolla nyeupe. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na kiti cha nyuma kilikuwa changu. Usiku mmoja wa mvua tulikuwa Usa River, betri ikafa. Wanaume sita wakajitokeza kusukuma, kama ilivyo ada yetu. Walisukuma mpaka wakachoka. Injini haikutingishika hata kidogo. Mzee mmoja akasema, "Shemeji, hili gari limerogwa." Kumbe hakuna uchawi. Zipo otomatiki za zamani za Marekani zilizokuwa na pampu ya pili ya oili, inayozungushwa na magurudumu. Hizo ziliweza kuwaka kwa kusukumwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 watengenezaji walianza kuiondoa ili kupunguza ukubwa na gharama. Bila injini kuzunguka, pampu hailishi oili, na bila oili hakuna gia inayoshika.

Laiti tungeishia hapo. Alipita mtu mwema na Land Rover, akatufunga kamba, akatuvuta mpaka mjini, kilomita zipatazo 20 za kupanda, magurudumu ya mbele yakizunguka ardhini na giaboksi ikizunguka kavu. Tulimshukuru sana. Asubuhi betri mpya ikawekwa, injini ikawaka vizuri, mjomba akaweka D, gari likanguruma pale pale. Oili iliyotolewa ilikuwa nyeusi na inanuka kama ugali ulioungua.

Fundi wa gereji ya Unga Limited aliyeifungua alikuwa hajawahi kuifungua nyingine. Aliweka vipande kwenye gazeti kwa mpangilio aliovitoa, sahani za klachi, chemchemi, na ule mtandao wa vijia vya oili unaofanana na ramani ya mashimo ya mchwa. Kitabu cha gari kilikuwepo, cha Kijapani. Alikitazama ukurasa kwa ukurasa, kisha akasema, "Mzee, mimi nisikudanganye." Namheshimu kwa sentensi hiyo mpaka leo, kwani wapo waliodanganya.

Hapa Arusha tuna TEMDO na CAMARTEC, zote zilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Kibaha wanajeshi wetu waliunda lori la Nyumbu miaka hiyohiyo. Siwalaumu kwa kutounda otomatiki. Valvu zake hutaka usahihi wa unene unaopungua unywele, na hata nchi nyingi zenye viwanda vya magari huinunua kwa wengine. Ninachosikitikia ni kidogo zaidi. Kijitabu cha Kiswahili cha kurasa 20, chenye kumwambia mwenye gari asivutwe magurudumu ya nguvu yakiwa chini, sijapata kukiona kwenye gereji yoyote. Kingeokoa ng'ombe wawili wa mjomba.

Na somo limeshabadilika tena. Ule mkanda wa Van Doorne ulirudi ukiwa wa chuma. Subaru waliuweka kwenye Justy mwaka 1987, na sasa umo kwenye Toyota ndogo nyingi zinazopita Sokoine Road. Oili yake si ile ya otomatiki ya zamani, ingawa ukiikuta kwenye ndoo ya fundi hutaitambua kwa macho. Muulize kabla hajamimina.

Yule kijana wa Ilboru nilimwonyesha herufi L kwenye mkongojo wa gia. Alisema alidhani ni ya kuegeshea.

Corolla ya mjomba ilikaa chini ya mparachichi mwaka mzima. Mwishowe walitoboa sakafu, wakaweka kanyagio cha klachi na giaboksi ya manyuali iliyotoka kwenye gari lililopinduka, na kwa hali hiyo ilibeba ndizi hadi Kilombero kwa miaka mingine tisa, ikiwashwa kwa kusukumwa.