Masasi: Miaka 150 Chini ya Mtandi

Mwaka 2026 mji wa misheni wa Masasi unatimiza miaka 150, na sisi wana wa Kusini tuliolowea Mikocheni, Kinondoni na Temeke jijini Dar es Salaam hatuna udhuru wa kuusahau.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana, yule yule gwiji wa sarufi ya Kiswahili, alivuka kutoka Unguja hadi Lindi akiwa na watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani. Wengi asili yao ilikuwa bara ya Kusini, Wayao na Wamakua wakiwamo. Nia ilikuwa kusonga mbele kuelekea Ziwa Nyasa. Lakini walipofika Masasi, wakaona ardhi ile na majabali yale, wakamwambia Askofu kwamba wao wamefika. Askofu naye, kwa hekima yake, hakubishana nao. Nyumba zikasimama chini ya mlima Mtandi, mashamba yakafyekwa. Steere aliporudi Unguja alimwachia kazi kijana William Percival Johnson. Mwaka uliofuata akaja Chauncy Maples. Vitabu huwasifu sana hawa wawili, na wanastahili, ila jembe lilishikwa na waliokombolewa, na majina ya akina mama waliokuwa miongoni mwao hayatajwi inavyopasa.

Mwaka 1882 Wangoni walitupitia, tukapoteza watu na mji ukatawanyika. Hayo tuyaache; leo tunaoleana. Baada ya shambulio hilo Maples alihamia Newala kwa chifu Matola, aliyempokea vizuri.

Fahari yetu kubwa ni Cecil Majaliwa. Alitoka utumwani akiwa mtoto, akasoma chuo cha Kiungani, Unguja, akafika hadi Canterbury, Uingereza, na mwaka 1890 akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni ile upande wa Zanzibar. Miaka aliyotumika katika kituo cha Chitangali aliongoza kazi mwenyewe, bila Mzungu wa kumsimamia.

Vita vya Maji Maji, 1905, viliharibu majengo ya misheni, yakajengwa tena. Kisha ikaja dayosisi ya Masasi, 1926, na Askofu wake Vincent Lucas, aliyeliingiza jando kanisani (maneno hayakukosekana). Ikaja hospitali ya Lulindi na Dk. Leader Stirling, baadaye Waziri wa Afya. Askofu Trevor Huddleston akaongoza dayosisi, 1960 hadi 1968. Zikaja pia korosho, shule na barabara.

Mwenye picha ya zamani aitafute, na mwenye jina la bibi au babu aliyekuwa miongoni mwa wale wa kwanza, aliandike; vyote vipelekwe Masasi sasa, wazee wangali hai.