Wageni wa Mwami: Wamisionari wa Bunkeya, 1886 hadi 1891

Katika maandishi ya historia ya Katanga kuna dai moja lisilokufa: kwamba wamisionari wa kwanza kukaa Bunkeya, kaskazini mwa Likasi, walikuwa watumwa weupe wa Mwami Msiri. Walioeneza habari hiyo ni Wazungu waliokuja nyuma yao na bunduki, hasa watu wa msafara wa Kapteni Stairs, ambao daktari wao, Joseph Moloney, alichapisha kitabu chake mwaka 1893. Habari hiyo iliwafaa sana. Mfalme anayesemwa kuwatumikisha Wazungu, kifo chake hakiulizwi maswali mengi. Kwa hiyo dai hilo linastahili kupimwa upya, na kipimo bora ni maisha ya kila siku ya wamisionari wenyewe: walikula nini, walifanya kazi gani, nani aliwapokea na nani aliwaruhusu kuondoka.

Msiri hahitaji kutambulishwa kirefu. Alikuwa Msumbwa, mwana wa Kalasa, kutoka upande wa magharibi wa Tanzania ya leo. Alifuata shaba, akajenga dola ya Bayeke juu ya Basanga na majirani zao, akauza pembe, chumvi, shaba na watu ili apate bunduki na baruti.

Frederick Stanley Arnot, Mskoti aliyezaliwa Glasgow mwaka 1858, aliingia Bunkeya tarehe 14 Februari 1886, akitokea Benguela kwenye pwani ya Angola. Hakupelekwa moja kwa moja mbele ya mwami. Kwanza waganga wa Msiri walimpiga ramli, wajue kama moyo wake ulikuwa mweupe kama ngozi yake. Ramli ilipotoa jibu zuri ndipo akaitwa, na aliyemwona alikuwa mzee mpole wa maneno, aliyefurahi kusikia kwamba mgeni anatoka nchi moja na Livingstone. Arnot huyohuyo aliona pia mafuvu ya watu yaliyotundikwa pale mjini. Mambo yote mawili aliyaandika, na msomaji wa leo hana ruhusa ya kuchagua moja tu.

Kuanzia hapo maisha yake yakawa ya mgeni wa mwami. Katika nchi nyingi za Afrika ya Kati neno hilo lina uzito wake: mgeni hulishwa na kulindwa, lakini haondoki bila kuaga, hajengi bila kuonyeshwa mahali, wala hafanyi biashara na maadui wa mwenyeji wake. Wafanyabiashara wa Kiovimbundu kutoka Bié waliishi kwa sheria hiyohiyo, na Waswahili na Waarabu kutoka mashariki vilevile. Hakuna aliyeandika kwamba Coimbra, mfanyabiashara wa damu ya Kireno ambaye ndugu yake wa kike Maria da Fonseca aliolewa na Msiri, alikuwa mtumwa mweupe.

Ndugu wa Plymouth, kundi la Arnot, hawakuwa na shirika lililowalipa mshahara. Waliishi kwa michango iliyotumwa bila ahadi, na barua zao zilichapishwa huko Uingereza katika jarida la Echoes of Service. Barua hizo ndizo hazina iliyosahauliwa. Zina kasoro zake, maana ziliandikwa zisomwe na watu waliokuwa wakitoa fedha, kwa hiyo shida hazikosi kutajwa. Lakini humo ndimo mnamopatikana homa, njaa, mapagazi wanaochelewa, na vitambaa vinavyoisha. Kitambaa kilikuwa fedha. Kilipokwisha, mmisionari hakuwa na cha kununulia unga wa bukari yake, akabaki akitegemea ukarimu wa boma la mwami au wa jirani. Ghala la kujaza tena lilikuwa Benguela, safari ya miezi mingi kwa miguu. Mtu mwenye hali hiyo ni mtegemezi, hilo ni kweli kabisa. Utegemezi na utumwa ni vitu viwili.

Na Bunkeya palikuwa na watumwa wa kweli. Misafara iliwapitisha kwenda Bié, na watoto waliokuwa wadogo mno kwa safari hawakuwa na bei. Arnot alianza kuwapokea. Kwa njia hiyo nyumba yake, kabla haijawa kanisa, ikawa nyumba ya watoto wanaohitaji kulishwa, kuoshwa na kutibiwa kila siku. Pia alihudumia wagonjwa kwa dawa chache alizokuwa nazo. Sehemu kubwa ya siku zake ilienda huko, na sehemu nyingine ilienda kwenye kungoja: kungoja kuitwa na mwami, kungoja mkalimani, kungoja msafara. Mahubiri yalichukua nafasi ndogo kuliko vitabu vya sifa vinavyotaka tuamini. Kumwita mtu huyu mtumwa, mbele ya wale watoto, ni kulidharau neno lenyewe.

Wamisionari wengine wawili, Charles Swan na William Faulknor, walifika mwishoni mwa mwaka 1887. Faulknor, aliyetoka Kanada, aliandamwa na maradhi. Mwaka uliofuata Arnot aliaga, akaondoka, akafika kwao. Msiri hakumfunga. Ukweli huu mmoja unatosha kulitikisa dai zima, na ni ajabu jinsi waandishi wanavyoupita haraka.

Hali iliharibika kuanzia mwaka 1890. Dan Crawford, mmisionari kijana kutoka Gourock, alifika mwaka huo, wakati Alfred Sharpe naye alipokuja kuitafutia Uingereza mkataba, akarudi mikono mitupu. Basanga waliasi, mashamba yakaachwa, njaa ikaingia. Mwaka 1891 Wabelgiji walijenga kituo Lofoi, na wamisionari wakahamia karibu nacho. Hapo ndipo swali gumu lilipo, gumu kuliko lile la watumwa weupe. Mwanahistoria Robert Rotberg aliandika makala mwaka 1964 kuhusu Ndugu wa Plymouth na kutwaliwa kwa Katanga, na maswali yake bado yana nguvu. Watu waliokula mezani kwa Msiri walikuwa chini ya kivuli cha bendera nyingine tarehe 20 Desemba 1891, siku Kapteni Bodson wa msafara wa Stairs alipompiga mwami risasi. Hawakumuua wao. Lakini mgeni anayehamia kwa jirani anayemwinda mwenyeji wake amechagua upande, hata kama aliyemsukuma ni njaa.

Baada ya Msiri, Crawford alikwenda Luanza, kando ya Ziwa Mweru, na watu waliotawanyika wakamfuata. Walimwita Konga Vantu, mkusanya watu. Kwa jumla alikaa Afrika miaka 22 bila kurudi kwao hata mara moja, akaamua kesi, akafundisha, akatafsiri Agano Jipya kwa Kiluba-Sanga. Mgeni wa mwami sasa alikuwa akiishi kama chifu.

Reli ilipofika Kambove mwaka 1913, maisha ya aina ile yalikwisha upande wetu wa Likasi. Mmethodisti John Springer na mkewe Helen waliofanya kazi Kambove walikuta migodi ya Union Minière na vibarua wa mshahara, na mzigo kutoka pwani haukuhitaji tena mabega ya mapagazi. Wabenedikto wa Monsinyori de Hemptinne, waliofika Katanga mwaka 1910, walikuwa na serikali nyuma yao tangu siku ya kwanza.

Kinachokosekana katika mjadala huu ni sauti ya wenyeji. Mukanda Bantu, mwana wa Msiri aliyemrithi, aliacha kumbukumbu zake, na Mwami Antoine Munongo alichapisha historia ya Bayeke mjini Lubumbashi mwaka 1967. Wanaorudia maneno ya Moloney mara chache huyafungua maandishi hayo. Yakichapwa kwa Kiswahili katika juzuu moja na barua za Echoes of Service, vijana wa Likasi na Bunkeya wataweza kumsoma mwenyeji na mgeni wake wakieleza miaka ileile, na kulihukumu dai la watumwa weupe wao wenyewe.