Gari la Taka Limefika Mjini? Subiri Kwanza, Tumuulize Bibi wa Kifipa Alikuwa Anatupa Wapi

Hii picha unaijua. Gari jipya la taka limepaki mbele ya ofisi ya halmashauri, limefungwa utepe, mheshimiwa ana mkasi mkononi. Nyuma yake wamama wa usafi wamesimama na reflekta mpya ambazo bado zina mikunjo. Makofi, picha, hotuba, watu wanatawanyika. Na sisi huku kwenye simu tunasema "safi sana", tunasonga mbele.

Mimi sina neno na gari. Gari linatakiwa, tena sana. Ila leo nataka tupande kidogo huko juu Ufipa, kwenye baridi lile la mwezi wa sita linalokufanya uvae makoti mawili, tuangalie historia ya kutupa taka. Kwa nini Sumbawanga? Kwa sababu mji wenyewe jina lake linaanza na kutupa! Kwa Kifipa *sumba* ni tupa, *wanga* ni uchawi. Tupa uchawi. Yaani ukifika pale, ulichobeba kibaya kiache nje ndio uingie. Watu wanapenda kuutania mji huu kwa ushirikina, kumbe jina linasema kinyume kabisa. Ni mji uliojipa jina la usafi kabla hata ya kuwa na ofisa afya.

Sasa, kabla ya gari kulikuwa na nini?

Kulikuwa na ntumba. Tuelewane hapa, maana ndio moyo wa stori yote. Uwanda wa Ufipa uko juu, kama mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, katikati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Sehemu kubwa ni nyasi, miti michache. Majirani zao upande wa kusini, kama Wabemba, walikuwa wanakata matawi ya miti, wanayachoma na kulima kwenye majivu. Mfipa miti ya kuchoma angeitoa wapi? Akabuni ya kwake. Mvua zikikaribia kuisha, wakati ardhi bado laini, alikuwa analima majani pamoja na udongo wake, anayapindua, anayafukia ndani ya vilima vidogo vya duara. Ndiyo ntumba hizo. Unakuta shamba zima limejaa vilima kama mgongo wa kobe. Majani yanaoza humo ndani taratibu, na juu yake unaweza kupanda maharage. Msimu unaofuata vilima vinasambazwa, ulezi unapandwa juu ya udongo mweusi ulioshiba.

Leo tunaiita mboji, tunafundishwa kwenye semina na kupewa posho ya kuhudhuria. Mzee wa Kifipa alikuwa anaifanya bila projekta.

Na sio majani tu. Wafipa walikuwa wafua chuma wakubwa. Walijenga tanuru za udongo ndefu kuliko mtu, zinavuta hewa zenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo hakikuwa safi, kwa hiyo walikipeleka kwenye tanuru dogo la pili, lenye mivukuto, kikasafishwa ndipo kikawa jembe. Kitu hakitupwi mpaka kimeshindikana kabisa. Kilichobaki, yale mavi ya chuma, ndiyo wanaakiolojia wanayasoma leo kama sisi tunavyosoma meseji za zamani. Dampo la jana ni maktaba ya leo, wallahi.

Ila mji ni mambo mengine. Shambani taka yako unaifukia mwenyewe. Mjini taka yako inakuwa ya jirani, ya mtaro, ya inzi. Hapo ndipo inahitajika mamlaka ya mji, na hapo ndipo historia yetu inakuwa na shimo.

Mwaka 1972 nchi iliingia kwenye sera ya Madaraka Mikoani. Nia ilikuwa kupeleka maamuzi karibu na wananchi, lakini katika zoezi hilo mabaraza ya miji yakafutwa. Mkoa wa Rukwa ukaanzishwa mwaka 1974, makao makuu Sumbawanga. Ona hiyo bahati: mji unapewa cheo cha makao makuu ya mkoa wakati nchi nzima haina mabaraza ya kusimamia mifereji, vyoo na taka za mjini. Mitaa ikachoka kote nchini. Mwaka 1977 na 1978 kipindupindu kikatembea, na mwaka huo wa 1978 serikali ikarudisha mabaraza ya miji. Sheria ya mamlaka za miji tunayoitumia mpaka leo ikaja mwaka 1982. Kwa hiyo mtu akikuambia halmashauri ni ya kukusanya ushuru tu, mwambie ilirudi kwa sababu watu walikuwa wanakufa kwa uchafu.

Sasa twende kwenye gari lenyewe. Yale magari yanayobonyeza taka nyuma, tunayoyaita kompakta, asili yake ni Marekani. Mwaka 1938 kampuni ya Gar Wood ilitoa gari lenye mtambo wa kusukuma na kubana taka ndani ya bodi. Mtambo wa aina hiyo unafaa zaidi kwa taka nyepesi: maboksi, makaratasi, makopo. Ukibana, nafasi inabaki, safari zinapungua.

Taka zetu je? Chungulia ndoo ya nyumbani kwako. Maganda ya viazi na ndizi, mabaki ya ugali, mboga iliyochacha, majivu, mchanga wa kufagia uwanja. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani kwenye miji yetu ni za kuoza. Ni nzito tayari, zina maji. Ukizibana unapata kidogo sana, zaidi unapata ule mchuzi unaodondoka barabara nzima hadi wenye bodaboda wanahamia upande wa pili. Halafu mtambo ukikorofisha, spea inatoka mbali, fundi anatoka mbali zaidi. Kwa vichochoro vyetu, mara nyingi guta au toyo ya matairi matatu inafika ambako kompakta inaishia kupiga honi.

Ufipa nayo ilipata taka mpya. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, ilipigwa lami kwa msaada wa Marekani kupitia MCC, mkataba wa 2008 hadi 2013. Aliyewahi kula vumbi lile anajua hiyo ni baraka. Lakini lami haichagui mzigo. Inaleta dawa na vitabu, inaleta na chupa za plastiki, na vifungashio vya kila rangi. Hivyo huwezi kuvifukia kwenye ntumba ukategemea ulezi! Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019 iliondoa rambo nyingi zilizokuwa zinapepea kwenye upepo, ila chupa bado zipo.

Na hata gari likipatikana, linakwenda kumwaga wapi? Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, wanalijua hilo swali. Jiji lilikuwa linamwaga taka mtaani kwao, moshi na harufu usiku kucha. Mwaka 1988 wakaenda Mahakama Kuu, wakashinda. Jiji likaendelea kuomba muda, mpaka mwaka 1991 Jaji Lugakingira akagoma: huwezi kuja mahakamani kuomba kibali cha kuchafua mazingira ya watu. Dampo likaondoka Tabata. Likaenda wapi? Hatimaye Vingunguti, kwa watu wengine. Magari yalikuwepo, tatizo lilihama tu.

Desemba 9, 2015 tukamwona Rais Magufuli na fagio siku ya Uhuru, sherehe zimefutwa, nchi inapambana tena na kipindupindu. Ilitugusa wengi. Lakini fagio linasogeza taka mpaka kwenye kizimba, gari linaisogeza mpaka dampo. Hakuna hata kimoja kinachoimaliza.

Aliyeimaliza ni bibi wa Kifipa, kwa taka ya kuoza. Na hapa ndipo inauma. Rukwa ni moja ya mikoa inayolisha nchi hii mahindi. Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipaa, serikali ikarudisha ruzuku, wakulima wakajiandikisha na kupanga foleni. Wakati huohuo, kwenye masoko yetu, maganda na majani ya kabichi tunayapakia kwenye gari, tunalipia dizeli, tunakwenda kuyatupa. Tunanunua mbolea kwa mkono mmoja na kuimwaga kwa mkono wa pili.

Kwa hiyo gari lije, hata mawili. Ila kabla halijaja, tutenganishe ndoo: ya kuoza huku, plastiki kule. Ya kuoza ibaki karibu, iende bustanini, iende kwa mkulima wa pembeni ya mji. Gari libebe kile kilichoshindikana kweli, na dereva apewe mahali halali pa kumwaga. Gharama yake ni ndoo ya pili tu na uamuzi wa mtaa.

Mji unaitwa Tupa Uchawi, haukuitwa Tupa Kila Kitu. Haya niambie, ndoo yako ya jikoni leo ina nini, na inaishia wapi?