Kuuza Mhusika wa Gemu: Jasho Halali au Kuwaibia Wenzako?

Mwaka 1999, watu waliokuwa wakipekua mnada wa eBay huko Marekani walianza kukutana na bidhaa ya ajabu. Katikati ya mitumba na kadi za besiboli, kuna mtu anauza shujaa. Siyo mdoli wala picha ya ukutani, bali mhusika wa gemu la Ultima Online, lililotoka 1997, ambaye mwenyewe alikaa miezi akimjenga. Mnunuzi analipa, anapewa jina la akaunti na nywila, anaingia kwenye gemu na papo hapo keshakuwa mtu mzito.

Wengine wakasema ni biashara kama biashara nyingine, wengine wakasema ni wizi mtupu. Ubishi huo haujaisha hadi leo.

Kwa nini wachezaji walikasirika

Moto uliwaka zaidi kwenye EverQuest, gemu lililotoka Machi 1999. Lilikuwa gemu la kuteseka pamoja. Kikundi kilikuwa na watu sita na kila mmoja ana kazi yake: huyu anapokea vipigo, yule anatibu, wengine wanashambulia. Ukifa, unapoteza sehemu ya maendeleo yako, na maiti yako inabaki pale ulipoangukia pamoja na mali zako zote. Inabidi urudi mikono mitupu katikati ya maadui kuichukua.

Sasa fikiria mganga wa leveli ya 50 anajiunga na kikundi. Kwa leveli hiyo, kila mtu anaamini amepitia mengi. Vita vinaanza, jamaa hajui dawa ipi inatangulia. Dakika mbili baadaye wote sita wako chini. Kumbe mhusika amemnunua juzi.

Ndiyo maana kumwambia mtu kuwa "amenunua eBay" likawa tusi. Leveli ilikuwa kama cheti: inawaambia wasiokujua kwamba kazi unaiweza. Aliyenunua cheti hakumuumiza aliyemuuzia, maana huyo kapata hela yake. Aliwaumiza watano ambao hawakuwepo kwenye mapatano.

Wauzaji nao walikuwa na lao

Lakini tuwe wakweli, muuzaji hakuiba kitu. Alikesha. Mwaka 2001 mchumi mmoja wa chuo kikuu huko California aliandika utafiti kuhusu Norrath, dunia ya ndani ya EverQuest. Kwa kufuatilia bei za minada, alikadiria kwamba saa moja ya kucheza ilizalisha thamani ya dola 3.42 hivi. Pato la kila mkazi wa dunia hiyo ya kufikirika akaliweka kati ya Urusi na Bulgaria! Watu walicheka, ila hoja ilibaki: kama kuna kazi, kuna soko na kuna bei, utasemaje hakuna mali?

Kampuni ilisema hivyo hivyo. Kwa masharti yake, kila kilichomo kwenye gemu ni chake na mchezaji anatumia tu. Mwanzoni mwa 2001, kwa ombi la Sony, eBay ilianza kuondoa matangazo ya EverQuest. Wauzaji walikuwa na ujanja wao: waliandika kwenye tangazo kwamba hawauzi mhusika, wanauza muda walioutumia kumpata. Unaweza kuuita ujanja, lakini ndani yake kuna swali zito. Muda ule ulikuwa wa nani?

Kampuni yageuza kibao

Mwaka 2005 kampuni ile ile ilifungua soko lake rasmi la EverQuest II, Station Exchange. Kwenye seva maalumu, wachezaji waliruhusiwa kuuziana vitu na wahusika kwa dola, na kampuni ikakata chake. Sababu yake ilieleweka: biashara ya uchochoroni ilijaa utapeli, na malalamiko yalirudi kwake. Na ilikuwa na busara ya kuliweka soko kwenye seva za pembeni, asiyelitaka abaki kwingine. Hata hivyo, wengi waliona kilichokuwa dhambi jana kimekuwa halali leo kwa sababu tu kuna kamisheni.

Upanga ulioua

Wakati Wamarekani wakibishana, China ilionja uchungu wa kutokuwa na jibu. Mwishoni mwa 2003 mahakama moja ya Beijing iliiamuru kampuni ya gemu imrudishie mchezaji silaha zilizoibwa kwenye akaunti yake. Ilionekana kama mlango umefunguka. Lakini huko Shanghai, mchezaji wa Legend of Mir alimwazima mwenzake upanga wa ndani ya gemu, na mwenzake akauuza kwa yuan 7,200. Mwenye upanga alikwenda polisi, akaambiwa kitu hicho si mali inayolindwa na sheria. Akamfuata mwenzake na kumchoma kisu hadi kufa. Mwaka 2005 alihukumiwa kifo, adhabu ikaahirishwa.

Hakuna upanga, wa chuma au wa kwenye skrini, unaohalalisha kuua. Ila kisa kile kinaonyesha hatari ya kitu chenye bei sokoni kisicho na mwenyewe kisheria.

Basi ni haki au si haki?

Diablo III ilijaribu kumaliza ubishi mwaka 2012 kwa kuweka mnada wa pesa halisi ndani ya gemu lenyewe. Kila kitu wazi, hakuna tapeli. Machi 2014 mnada ukafungwa. Kutafuta silaha ndiyo ilikuwa raha yenyewe, na ilipowezekana kuinunua kwa kadi ya benki, raha ikayeyuka.

Hapo ndipo jibu lilipo. Kuuza jasho lako si dhambi. Kosa ni kuuza sifa ambayo wengine wataitegemea bila kujua imenunuliwa. Kama mnunuzi anacheza peke yake, hakuna aliyeumia. Kama anaingia kwenye kikosi au mashindano kwa leveli ya mtu mwingine, anawadanganya wenzake. Na kampuni inayokwambia "hiki si chako" huku ikikutoza kukiuza, nayo ina la kujibu.

Leo akaunti za Free Fire na eFootball zinauzwa mkononi hadi mitaa ya Dar na Nairobi, mara nyingi kwa kuaminiana tu. Aliyeuza anaweza kuirudisha akaunti kesho kwa barua pepe ya zamani, na aliyenunua hana pa kushtaki. Miaka zaidi ya ishirini, swali ni lile lile.

Wewe mdau unasemaje: ukigundua mwenzako kwenye timu kanunua akaunti, unamwacha au unamtoa?