Kaburi la Nyali na Amani Isiyongoja Heri

Mahubiri mengi yanayosikika kwenye mikutano ya injili kisiwani Mombasa huinadi amani ya moyo kama ujira: omba, funga, toa sadaka, nayo maradhi na madeni yatakukimbia. Makala hii inadai kwamba historia ya Ukristo wa mji huu inalikanusha fundisho hilo.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe, Rosine. Juni alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji (jambo ambalo wahubiri wetu hawana haraka ya kulitaja). Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike, homa ikamshika, akafa. Kichanga naye akamfuata siku chache baadaye. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani kwa homa. Mkewe alizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, naye Krapf akawaandikia wakuu wa Church Missionary Society huko London kwamba kaburi hilo ni ishara kuwa kazi imeanza katika pwani hii.

Wapo watakaouona huo kuwa ugumu wa moyo. Mimi siuoni hivyo. Krapf hakudai kwamba uchungu umemwisha. Alichokataa ni kuuachia uchungu ndio uamue. Alibaki, na mwaka 1846 yeye na mmisionari mwenzake, Johannes Rebmann, wakafungua kituo cha Rabai. Amani hiyo ndiyo ya Yohana 14:27, iliyoahidiwa usiku wa kuamkia msalaba, na ya Wafilipi 4:7, iliyoandikwa na mfungwa. Haingoji mambo yanyooke kwanza.

Yusuf bin Hasan, aliyeishi karne mbili kabla ya Krapf, anatupa upande wa pili: imani isiyoleta amani. Baba yake, mfalme wa Mombasa, aliuawa kwa njama za Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akasomeshwa na watawa wa Mtakatifu Agustino, yule aliyeandika juu ya moyo usiotulia, akabatizwa Dom Jerónimo. Aliporudishwa kutawala, alidharauliwa na makapteni wa Ngome ya Yesu. Tarehe 16 Agosti 1631 alimuua kapteni, akarejea Uislamu, na Wakristo waliokataa kumfuata wakauawa. Kumwita msaliti na kuishia hapo ni uvivu wa fikra. Imani aliyoipokea mikononi mwa waliomuua baba yake ingemtulizaje?

Linabaki pingamizi moja zito: je, amani isiyongoja mambo yanyooke si kasumba ya kumfanya mnyonge avumilie dhuluma? Jibu liko Kengeleni, hapa hapa Mombasa, pale makanga wanapoita abiria. Kengele iliyopapa jina mahali hapo iliwekwa na watu wa Frere Town, kijiji cha watumwa walioachwa huru kilichoanzishwa miaka ya 1870, na ililia kuwaonya wakazi dhidi ya wateka watumwa. Kule Rabai, William Jones, aliyepata kuwa mtumwa yeye mwenyewe, aliwahifadhi watoro licha ya shinikizo la mabwana wa Mombasa. Hao walisali, na hawakunyamaza. Mwaka 1889 ulipoanza, watoro zaidi ya elfu moja walipata hati za uhuru, baada ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki kukubali kuwafidia mabwana zao. Anayemhubiria mnyonge amani ili anyamaze, na atueleze kwanza habari ya hati zile.