Lübeck: Usiku wa Kuamkia Jumapili ya Matawi

Jumamosi, 28 Machi 1942, magharibi. Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani, inajiandaa kwa Jumapili ya Matawi. Mji wa kale umekaa katikati ya maji, mto Trave upande mmoja na Wakenitz upande wa pili. Utajiri wake uliingia kwa mto. Tangu 1398 chumvi ya Lüneburg ilifikishwa hapa kwa mfereji, ikapakiwa merikebuni kwenda Skandinavia, na mapipa ya samaki yakarudi yakiwa yamekolea chumvi hiyo hiyo. Kwa karne kadhaa huu ndio uliokuwa mji kiongozi wa Hansa, umoja wa miji ya wafanyabiashara wa kaskazini.

Saa 3 usiku. Taa zimezimwa kwa amri ya vita, lakini mbalamwezi haizimwi. Mwezi unakaribia kutimia, baridi ni kali, na maji yanametameta kuuzunguka mji. Rubani hahitaji kuonyeshwa njia. Juu ya mapaa yote inasimama Marienkirche, kanisa la matofali lenye minara miwili ya mita 125, lililojengwa na matajiri wa soko ili lilipite kanisa kuu la askofu. Dietrich Buxtehude alipiga kinanda humo kwa karibu miaka 40, na mwaka 1705 kijana Johann Sebastian Bach alitembea kwa miguu kutoka Arnstadt kuja kumsikiliza.

Saa 5:18 usiku. Ndege za kwanza za Uingereza zinafika. Zimetumwa 234, kwa makundi matatu. Arthur Harris, aliyekabidhiwa kikosi cha mabomu mwezi uliotangulia, hakuichagua Lübeck kwa uzito wake vitani. Aliichagua kwa kuwa itawaka upesi: nyumba zimebanana, vichochoro ni vyembamba, na boriti za mbao zimekauka kwa mamia ya miaka. Mizinga ya kuulinda mji ni michache, hivyo baadhi ya marubani wanashuka hadi mita 600.

Saa 6 na kuendelea. Mabomu mazito yanafumua mapaa, kisha ya moto yanaingia kupitia matundu hayo. Ya moto peke yake ni kama 25,000. Dari ambazo wafanyabiashara walizifanya maghala sasa zinawaka mtaa baada ya mtaa. Marienkirche nayo inashika moto. Ndani yake inateketea Ngoma ya Mauti, picha iliyomwonyesha kila mtu, kuanzia papa hadi mtoto mchanga, akichezeshwa na kifo. Pamoja nayo kinaungua kinanda kilichobeba jina lake. Katika mnara wa kusini kengele zinakatika na kuanguka hadi sakafuni.

Karibu saa 9 usiku. Mashambulizi yanakoma. Ndege 12 hazitarudi kwao.

Jumapili asubuhi. Marienkirche, kanisa la Petri na kanisa kuu yamepoteza vilele vyao. Watu zaidi ya 300 wamekufa, na zaidi ya 15,000 hawana makao. Katika kanisa la Luther, mchungaji Karl Friedrich Stellbrink anahubiri kwamba Mungu amesema na mji huu. Watawala wa Kinazi hawamvumilii. Siku chache baadaye anakamatwa, na tarehe 10 Novemba 1943 anakatwa kichwa pamoja na mapadri watatu wa Kikatoliki wa mji huo huo.

Ujerumani ililipiza kisasi kwa kuipiga miji ya kale ya Uingereza: Exeter, Bath, Norwich, York. Lakini moto haukuanzia Lübeck. Novemba 1940 ndege za Ujerumani zilikuwa zimeichoma Coventry na kanisa lake kuu.

Marienkirche ilijengwa upya, ila kengele zile hazikuondolewa. Zimeachwa zilipoangukia, zikiwa vipande, na kanisani humo umewekwa msalaba wa misumari kutoka Coventry. Uamuzi huo ni wa haki. Anayehesabu maiti wake bila kuwahesabu waliouawa na watu wake amekumbuka nusu tu, na kumbukumbu ya nusu ndiyo inayoandaa vita vya kesho.