Kadi ya Kijani

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa Pwani ya Kenya. Kila mwenye shamba alitakiwa kupeleka madai yake kwa afisa wa serikali katika muda uliowekwa, na ardhi isiyodaiwa ikawa mali ya Mfalme wa Uingereza. Wamijikenda wengi, waliomiliki kwa mila na si kwa karatasi, hawakuandikishwa. Hadi leo wajukuu wao wanaitwa maskwota penye makaburi ya babu zao.

Kenya ilifuata pia mfumo aliouanzisha Robert Torrens huko Australia Kusini mwaka 1858: mwenye ardhi ni yule ambaye jina lake limo katika sajili ya serikali. Sheria ya usajili wa ardhi ya mwaka 1963 ikaipa kila ploti iliyosajiliwa chini yake kadi, maarufu kama kadi ya kijani. Sehemu ya kwanza ilieleza ploti yenyewe, ya pili ikataja mwenyewe, ya tatu ikaonyesha rehani na vizuizi. Mtu akiuza au akirithisha, karani aliongeza mstari, msajili akatia sahihi. Maisha ya ukoo mzima yalitosha kwenye kadi moja.

Kwa hiyo aliyeshika kadi alishika ardhi. Mtu alifika ofisi ya ardhi, akaambiwa jalada la ploti yake halionekani, akarudi kesho na keshokutwa, na shughuli yake ikasimama. Kadi ikichomolewa na nyingine kuingizwa mahali pake, shamba moja linapata wenyewe wawili, kila mmoja na hati mkononi. Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma na kutoa ripoti yake mwaka 2004, ilikadiria kuwa hati haramu zilifika 200,000. Mei 2014 waziri wa ardhi, Charity Ngilu, alifunga masjala ya Ardhi House jijini Nairobi ili majalada yahesabiwe na kupangwa upya, na mengi yaliyosemekana kupotea yakapatikana.

Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta alizindua Ardhisasa, mfumo wa kidijitali ulioanzia Nairobi. Makaratasi yalipigwa picha, na ploti nyingi zenye hati za sheria za zamani zikapewa namba mpya. Mawakili walilalamikia ucheleweshaji, lakini jambo zito zaidi kwangu ni jingine: mashine hunakili kilichomo kwenye kadi, iwe halali au ya kughushi. Uchafu wa kabatini usiposafishwa kwanza, unahamia kwenye kompyuta ukiwa na sura ya usafi. Na yule wa Pwani ambaye hakuandikwa mwaka 1908 hana hata karatasi ya kupigwa picha.

Wewe mwenye hati ya zamani, usingoje siku ya kuuza. Linganisha namba, jina na ukubwa wa ploti yako na yaliyomo kwenye sajili mpya, na ukiona kosa, mwandikie msajili wa ardhi mapema na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.